Watetezi wa shule za umma za majiji makubwa Marekani: waliomba wenyewe kupimwa, na Detroit ikashika mkia

Mzazi wa Michigan (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi humu ambamo Watanzania, Wakenya na Wakongo tunaoishi Marekani tunaulizana shule ipi inafaa, na karibu kila uzi unaishia palepale: hamia vitongoji vya nje, shule za mjini ni za waliokosa pa kwenda. Mimi sikuhama. Watoto wangu watatu wanasoma shule za umma za mji mmoja hapa Michigan, na kwa miaka kadhaa sasa nahudhuria mikutano ya bodi ya shule, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa udadisi. Nataka kuandika juu ya jambo moja nililolikuta huko ambalo sijaona likijadiliwa kwa Kiswahili: wilaya za shule za majiji makubwa zina chombo chao cha kuzitetea, na silaha yake kubwa imekuwa ni kuyatoa hadharani matokeo yao mabaya kabla mtu mwingine hajayafanya fimbo ya kuwachapia.

Kwa walioko nyumbani, nieleze kwanza mpangilio, maana haufanani na wetu. Hapa hakuna wizara inayopanga walimu na kutunga mtaala wa nchi nzima. Kuna wilaya za shule zipatazo 13,000, kila moja na bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wapiga kura, na bodi hiyo ndiyo humwajiri msimamizi mkuu wa shule. Wilaya ya New York ina wanafunzi wanaokaribia laki tisa. Nyingine hazijazi hata ukumbi wa kanisa. Serikali Kuu iliyoko Washington huchangia takriban asilimia 10 tu ya fedha, na zilizobaki hutoka jimboni na kwenye kodi ya majengo ya mahali penyewe. Mwaka 1973, katika kesi iliyofunguliwa na wazazi wa San Antonio, Texas, akiwamo Demetrio Rodriguez, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba katiba ya nchi haiitambui elimu kuwa haki ya msingi, na kwa hiyo tofauti ya fedha baina ya wilaya tajiri na wilaya maskini haiivunji katiba hiyo. Tangu hapo, mwenye malalamiko ya fedha za shule huambiwa ayapeleke kwenye mahakama za jimbo lake, na kila jimbo lina vita vyake.

Katika mazingira hayo ndipo unapolikuta baraza linaloitwa Council of the Great City Schools. Lilianza mwaka 1956 kutokana na viongozi wa shule za majiji machache waliokutana Chicago, na leo lina wilaya zaidi ya 70, na makao yake yako Washington. Si kila mji unaokubaliwa. Kwa kawaida jiji liwe na wakazi zaidi ya 250,000 na wilaya iwe na wanafunzi zaidi ya 35,000. Kila wilaya huwakilishwa na watu wawili: msimamizi mkuu na mjumbe mmoja wa bodi, yaani mwajiriwa na mwajiri wake wakikaa meza moja. Mtu aliyewahi kuona wawili hao wakirushiana maneno mbele ya wazazi ataelewa kwamba hilo peke yake si jambo dogo.

Kazi zao za Bungeni na mahakamani ni zile ambazo chombo chochote cha utetezi hufanya: kufuatilia miswada, kupigania mafungu ya fedha kama lile la Title I la shule zenye watoto wengi maskini, lililoanzishwa na sheria ya mwaka 1965 iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson, na kuwasilisha hoja kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mdai wala mdaiwa katika kesi. Hayo sitayakalia. Lililonivutia ni kwamba baraza hutuma timu za ukaguzi zinazoundwa na watu wa kazi hiyohiyo kutoka majiji mengine. Mkuu wa mabasi wa jiji moja anakwenda kuangalia ratiba za mabasi za jiji lingine. Mhasibu anafungua vitabu vya mhasibu mwenzake. Ripoti hizo huandikwa bila kupaka mafuta, na huwa mwiba kwa wakubwa, kwa sababu mkaguzi wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba hajui kazi ilivyo ngumu.

Halafu kuna mtihani. Marekani ina upimaji wa kitaifa uitwao NAEP, unaofanywa kwa sampuli ya wanafunzi, hasa wa darasa la nne na la nane. Hakuna mtoto anayepewa alama yake wala shule inayopangwa kwa nafasi. Kwa miaka mingi matokeo yalitolewa kwa nchi nzima na kwa majimbo tu, hivyo Chicago ilijificha ndani ya Illinois na Houston ndani ya Texas. Wilaya za majiji, kupitia baraza lao, ndizo zilizoomba zipimwe peke yake. Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 2002 katika majiji sita: Atlanta, Chicago, Houston, Los Angeles, New York na Washington. Kufikia mwaka 2022 wilaya zilizoshiriki zilikuwa 26. Nani huomba mtihani ambao anajua fika atashindwa? Aliyekuwa mkurugenzi wa baraza wakati huo, Michael Casserly, aliyeliongoza kwa karibu miongo mitatu, hakuwa mtu wa kuficha kwamba majiji yako nyuma. Hoja ilikuwa kwamba bila kipimo kimoja cha pamoja, jiji moja haliwezi kujifunza kwa lingine, na likipanda hakuna atakayeamini kwamba limepanda.

Mwaka 2009 Detroit, jiji kubwa la hapa Michigan, ilijiunga. Matokeo ya hisabati yalipotoka mwezi Desemba, yalikuwa ya chini kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa tangu upimaji huo uanze mwaka 1969. Nasisitiza, si ya chini mwaka ule. Ya chini kuliko yote.

Hapo ndipo ningependa wanajukwaa tukae kidogo, kwa sababu Detroit ndiyo inayotajwa kila mtu anapotaka kuthibitisha kwamba shule za mjini haziponyeki. Mwaka 1966 wilaya hiyo ilikuwa na wanafunzi karibu 300,000. Leo ina takriban 50,000. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama ya Juu ilikataa mpango wa kuchanganya watoto wa jiji na wa vitongoji vyake, tena kwa kura 5 dhidi ya 4, na mpaka wa jiji ukawa kama ukuta: wenye uwezo wakatoka na watoto wao, jiji likabaki na majengo na madeni. Mwaka 1999 serikali ya jimbo iliiondoa bodi iliyochaguliwa na kuweka ya kwake. Bodi ya wananchi ikarudi mwaka 2006. Mwaka 2009, miezi kadhaa kabla ya yale matokeo, jimbo likateua meneja wa dharura wa fedha, na mameneja wa namna hiyo wakafuatana hadi 2016. Kwa hiyo unapoisoma ile alama ya 2009, jiulize usukani ulikuwa mikononi mwa nani katika muongo ule.

Karibuni tujadili.

Mkaguzi wa Hesabu, Dar es Salaam

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo, lakini naona umeruka jambo. Kujianika si utetezi mpaka uonyeshe kwamba kulileta kitu. Hapa nyumbani tulizoea matokeo kutangazwa kwa kupanga shule kumi bora na kumi za mwisho, hadi mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, likieleza kwamba shule hazifanyi kazi katika mazingira yanayolingana. Kwa miaka yote ile, shule ya kata yenye walimu wawili wa sayansi ilipokuwa ya mwisho, iliongezewa aibu. Sikumbuki kuona ikiongezewa mwalimu. Je, huko Detroit matokeo ya 2009 hayakutumika kuwapa wale mameneja nguvu zaidi? Na nchi tajiri kama hiyo inafikaje mahali mtoto anasoma kwenye jengo bovu?

Mzazi wa Michigan

Ndugu Mkaguzi, umenishika pabaya, na nakubali. Mara ya kwanza takwimu zile zilitumika hivyohivyo ulivyosema: kwamba jiji limeshindwa, basi lisimamiwe. Kosa langu ni kuikatisha hadithi katikati.

Kuhusu majengo, Michigan ilibadilisha utaratibu wa fedha mwaka 1994. Fedha za uendeshaji zikawa zinatoka zaidi jimboni na kumfuata mwanafunzi, lakini ujenzi na ukarabati vikaachiwa walipa kodi wa wilaya yenyewe. Wilaya ambayo nyumba zake zina thamani kubwa hujenga maabara. Detroit, yenye mitaa iliyohamwa, ilikopa. Kufikia Januari 2016 walimu walikuwa wakipiga simu za ugonjwa kwa pamoja, kwa sababu sheria ya jimbo inawakataza kugoma, na kuna siku zaidi ya shule 80 zilifungwa. Walisambaza picha: sakafu ya ukumbi wa mazoezi iliyovimba kama chapati, ukungu mweusi kwenye kuta, panya. Nchi nzima iliziona picha zile. Mwezi Juni mwaka huohuo Bunge la Michigan lilipitisha mpango wa dola milioni 617. Wilaya ya zamani ikabaki kuwa chombo cha kukusanya kodi na kulipa madeni, na wilaya mpya yenye bodi ya kuchaguliwa ikaundwa kufundisha watoto.

Mwaka 2016 pia wanafunzi saba walilishtaki jimbo, wakidai kwamba wamenyimwa hata nafasi ya kujua kusoma. Hapa takwimu zilibadili mkono. Namba zilezile za kusoma zilizokuwa zikitumika kulisema jiji, sasa ziliwekwa mbele ya majaji dhidi ya jimbo ambalo ndilo lilikuwa limeshika usukani. Aprili 2020 majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Sita walisema kuna haki ya kikatiba ya kupata kiwango cha msingi cha kujua kusoma. Mwezi Mei Gavana Gretchen Whitmer akakubaliana na wanafunzi hao nje ya mahakama. Mahakama nzima iliufuta uamuzi ule wa majaji watatu, hivyo leo huwezi kuutumia kama sheria mahali pengine. Lakini makubaliano yalibaki, na ahadi ya dola milioni 94.4 kwa ajili ya kufundisha kusoma Detroit iliingizwa kwenye bajeti ya jimbo mwaka 2023.

Na kwa ujumla wa majiji, kati ya 2003 na 2019 pengo baina ya majiji makubwa na wastani wa taifa kwenye upimaji ule lilipungua, katika hisabati na kusoma, darasa la nne na la nane. Janga la korona likarudisha mengi nyuma. Hata hivyo mwaka 2022, wakati karibu kila mahali palishuka, Los Angeles ilipanda kusoma kwa darasa la nane. Kama isingekubali kupimwa, nani angejua?

Mama Wawili, Detroit

Nimesoma kwa makini, na nina neno moja kwa kaka yangu wa Michigan. Kesi ilifunguliwa 2016, fedha zikapita 2023. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya kufungua kesi alikuwa akimaliza la saba fedha zilipotoka. Mimi wa kwangu nilimpeleka shule ya mkataba (charter, inayolipiwa na fedha za umma lakini huendeshwa kwa mkataba, nje ya shule za kawaida za wilaya), kama karibu nusu ya wazazi wa jiji hili walivyofanya, na sioni haya kulisema. Mnatuambia tubaki tuitetee shule ya umma. Tutaitetea kwa utoto wa nani?

Mzazi wa Michigan

Dada, sina jibu la kukushinda hapo, wala sitalitafuta. Uliyoyafanya ningeyafanya kama ningekuwa Detroit mwaka ule. Nitaongeza tu kwamba fedha humfuata mwanafunzi, na hapa Michigan huhesabiwa hasa siku moja, Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Mwanangu wa mwisho alirudi siku hiyo na kibandiko kifuani na mafuta ya piza mkononi, kwa sababu shule huandaa sherehe ili watoto wasikose. Akaniuliza, “Baba, leo ni sikukuu ya nini?” Nikamwambia, leo mmehesabiwa. Kila anayeondoka huondoka na sehemu ya mshahara wa mwalimu, lakini paa la shule haliondoki, wala boila la kupasha shule joto halipunguzi gharama eti kwa sababu watoto wamepungua. Hilo si lawama kwa mzazi. Ndiyo maana wilaya kubwa zinazopungua zinahitaji watetezi kuliko zinazokua.

Mwalimu wa Lugha, Ohio

Naomba nichangie kwa upande wa watoto wetu wenyewe, maana ni muongo sasa nafundisha Kiingereza kwa wanafunzi wageni katika wilaya kubwa ya mjini.

Mwaka wa fedha 2016 Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000, na wengi wao walifikia mijini: kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, mabasi yapo, viwanda vipo. Darasani kwangu Kiswahili kinasikika kuliko Kihispania. Haki ya watoto hawa haikutoka kwenye huruma ya mtu. Ilitoka kwenye kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ambapo majaji wote walikubaliana kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi lugha ya darasa. Miaka 8 baadaye, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe kutoka Texas, mahakama hiyohiyo ilisema mtoto hawezi kukataliwa shule ya umma kwa sababu ya hali ya uhamiaji.

Lakini haki iliyo kwenye karatasi hulipiwa na fedha iliyo kwenye bajeti. Tarehe 1 Julai 2025 Serikali Kuu ilizuia zaidi ya dola bilioni 6 zilizokwisha kupitishwa na Bunge, zikiwamo za kufundisha wanaojifunza Kiingereza. Sisi tulikuwa tukipanga ratiba za Agosti bila kujua nani ataajiriwa. Majimbo yakaenda mahakamani, vyama vya elimu vikapiga kelele, hata maseneta wa chama tawala wakaandika barua, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kwamba fedha zitaachiliwa. Wilaya tajiri ingeziba pengo la mwezi mmoja kwa akiba yake. Ya mjini yenye watoto maelfu wanaojifunza lugha haina akiba ya namna hiyo, hasa baada ya fedha za dharura za korona, takriban dola bilioni 190 kwa nchi nzima, kufikia ukomo wake Septemba 2024.

Tofauti yangu na mwanzisha uzi ni hii: takwimu za mtihani haziwezi kuwa sauti ya mzazi asiyejua kwamba bodi ipo. Swali langu kwako, ndugu: katika ukumbi wenu, mama anayezungumza Kiswahili hupewa dakika ngapi?

Mzazi wa Michigan

Mwalimu, umegusa kidonda.

Miaka miwili iliyopita kituo cha basi cha mtaa wetu kilihamishiwa ng’ambo ya barabara ya njia nne. Barua ilikuja kwa Kiingereza na Kihispania. Jirani yetu mmoja, mama mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliamua kwenda kwenye mkutano, nami nikamsindikiza. Mezani kuna kijitaa: kijani unaanza, manjano umebakiwa na sekunde 30, nyekundu umekwisha. Dakika tatu. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa spika. Mama alisema sentensi, simu ikarudia. Akasema nyingine, simu ikaomba arudie. Taa nyekundu ilipowaka alikuwa bado hajafika kwenye barabara. Alibaki amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na mwenyekiti akamshukuru na kumwita anayefuata. California ina sheria inayotaka anayezungumza kupitia mkalimani apewe muda mara mbili, isipokuwa kama kuna vifaa vya kutafsiri papo hapo. Sisi hatukuwa nayo.

Wiki iliyofuata wazazi watano tulipanga zamu. Asubuhi kumi za shule, kuanzia saa 12:40 hadi saa 1:10, tulisimama na daftari: watoto wangapi wanavuka, wangapi wako peke yao, magari mangapi yanapita bila kusimama kwenye kivuko. Yule mama alishika zamu nne. Aliporudi mbele ya bodi hakuhadithia. Alimkabidhi karani nakala saba za ukurasa mmoja wenye jedwali, moja kwa kila mjumbe, akasema sentensi mbili kwa Kiswahili, mkalimani akazisema, na taa ilikuwa bado kijani. Mkuu wa usafiri aliulizwa palepale na wajumbe wawili. Kituo hakikurudi pale kilipokuwa, kilisogezwa upande wetu wa barabara, nyumba sita mbali zaidi. Tulikubali.

Kwa hiyo Mwalimu, dakika bado ni tatu. Ombi letu la kuongezwa muda kwa wanaotumia mkalimani limeingizwa kwenye ajenda ya mkutano wa Jumanne ijayo, kipengele cha mwisho, na kujiandikisha kuzungumza kunafungwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Mliopo Ohio au popote ambapo wilaya yenu imekwisha kuandika kanuni ya namna hiyo, niwekeeni hapa maneno yake kama yalivyo, ili niyachapishe nakala saba.